Kiingereza cha Benchi la Supu

Ukienda Tujikaze leo, kile kijiji cha njia ya Mikumi, ukamtaja Dakta Anastazia, watakuambia mama yule alizaliwa na Kiingereza mdomoni. Waache waseme. Wengi wao ni yeye aliyewapokea walipozaliwa, kwa hiyo hawakuwapo. Mimi Mwanvua binti Mwinjuma nilikuwapo, na Kiingereza kile nakijua kilikotoka: kilitoka kwenye sufuria yangu ya supu, pale karibu na stesheni ya Kilosa, na hasara yake niliila mimi.

Siku hizi wajukuu zangu wanajifunza Kiingereza kwa simu, na simu inawasifu hata wakikosea. Sawa, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sisi hatukuwa na kitu cha kutusifu. Tulikuwa na kuchekwa.

Anastazia alikuwa Mnyamwezi wa Kimamba. Baba yake, mzee Vitalis, alitoka Tabora kuja kukata mkonge enzi za Wagiriki wenye mashamba, akaukata mpaka mkonge wenyewe ukachoka. Bei ilipoanguka na shamba likaanza kuota nyasi, ndiyo ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Familia yake ikapakiwa kwenye lori pamoja na kuku na vitanda, ikashushwa Tujikaze, ambako simba wa mbugani walikuwa bado hawajaarifiwa kwamba pale sasa pana kijiji. Anastazia yeye alibaki Kilosa. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akapata kazi ya kufagia wodi hospitalini, akapanga chumba kwetu Mabwerebwere. Tulikuwa rika moja. Yeye mrefu, mpole wa kuchosha. Mimi mfupi, na mdomo ninao.

Tujikaze hakukuwa na zahanati. Mgonjwa alibebwa kwa machela mpaka Mikumi, na Filomena, mdogo wake Anastazia, alifia kwenye machela hiyo na mimba yake, wabebaji wakiwa bado hawajaiona lami. Kwa hiyo wilaya iliposema kwamba kijiji kitakachotoa mtu wa kusomea uganga wa zahanati kitapewa mabati na dawa, mkutano wa kijiji ulimchagua Anastazia, mikono yote juu, hata ya wale waliokuwa hawapatani na baba yake. Kazi ilikuwa intavyuu. Masomo yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza, basi Morogoro walimhoji mtu kwa mdomo, kwa Kiingereza, viungo vya mwili na maradhi yake. Akipita, Tujikaze inapata zahanati. Akianguka mara mbili, nafasi inakwenda kijiji kingine pamoja na mabati yake. Hayo aliyajua yeye, niliyajua mimi, na kila lori lililotoka njia ya Mikumi lilimletea salamu za watu waliotaka kujua amefikia wapi.

Mara ya kwanza alijifunza kwa njia aliyoijua. Sista Hildegarda, nesi wa wodi ya wanawake, alimpa karatasi zenye maneno ya kiganga, yamepangwa kwa herufi tangu A mpaka mwisho. Anastazia alikuwa Mkatoliki, na watoto wa Kikatoliki wa Kimamba walifundishwa katekisimu kwa kuimba: mwalimu anauliza, darasa zima linajibu kwa sauti moja, mpaka inaingia. Naye akayaimba maneno yake vivyo hivyo. Anafua anaimba, anachota maji anaimba, abdomeni, absesi, anemia, ankoli, na mimi niko chumba cha pili nimelalia sikio. Ulipoingia Ramadhani hata mimi niliyefunga nilijikuta nayaimba rohoni, Mungu anisamehe. Hakukosea hata moja. Akapanda treni kwenda Morogoro na kanga mpya begani, na sisi tukasema huyu tayari.

Akarudi amenyong'onyea. Walimwuliza bandama kwa Kiingereza ni nini. Neno alikuwa nalo, splini, lakini lilikuwa mbali, liko herufi ya S, na hakuwa na njia ya kulifikia ila kuanza mwanzo wa wimbo. Akaanza kimyakimya, midomo inacheza, waulizaji wanamtazama. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye malaria walipomshukuru wakamwita mwingine.

Nilicheka, siwezi kusema uongo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona analia kweli, kile kilio cha mtu anayewawazia watu wengine, nikaona aibu, na aibu kwangu mimi hugeuka hasira. Nilizichukua zile karatasi nikataka kuwashia moto wa supu, akaninyang'anya.

Baba yangu, mzee Mwinjuma, alikuwa na bucha kwa mbele, na mimi supu yangu nilikuwa nayo uani, ng'ombe mmoja tunagawana: nyama yake, matumbo yangu. Baba hakujua Kiingereza wala hakukitaka. Lakini sisi ni Wasagara, na Msagara na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita hapa na pembe za ndovu mabegani kuelekea pwani. Huwezi kumwekea mtani siri, na adabu huna haja ya kumwekea. Baba aliposikia habari ya ule wimbo alimwita.

"Mnyamwezi," akamwambia, "neno si punje ya tasbihi, hata usiweze kuishika ya mwisho mpaka uzipitie zote. Mteja akija hapa akataka figo, mimi naanza kumkatia kwenye pembe?"

Anastazia akamtazama, akaitazama meza ya nyama, ini lake pale, pafu pale, moyo umetundikwa kwenye ndoano. Kesho yake kulipopambazuka, kabla ya zamu yake hospitalini, nikamkuta uani kwangu amejifunga kanga kiunoni, anasema amekuja kunisaidia kugawa supu.

Masharti yalikuwa haya. Mteja anaagiza kwa Kiswahili; Anastazia anakichota kipande, anakitaja kwa Kiingereza kikiwa bado kwenye upawa, ndipo kinaingia bakulini. Akikosa au akisitasita, mteja anaongezewa kingine. Masharti hayo mimi niliyasikia yeye na baba wakiwa wamekwisha kukubaliana, kana kwamba sufuria ni ya serikali.

Ini alilipata siku ile ile, liva. Figo, kidni. Pafu, langi. Ulimi, moyo, utumbo mwembamba na mnene, vyote vikaingia kimoja kimoja. Unajua, kipande kiko moto, kinateleza, kina harufu yake, na mtu mwenye njaa anakungojea na bakuli. Hapo huna nafasi ya kuanza wimbo. Neno lazima litoke lenyewe. Na kila alipoingia wodini kufagia alikuwa akipita kitanda kwa kitanda akijiambia kimoyomoyo, huyu ana langi, huyu ana kidni, huyu bandama yake imevimba. Bandama ndiyo iliyoendelea kumsumbua, na Lazaro, mbeba mizigo wa stesheni, alipoligundua hilo akawa haagizi kitu kingine. Mtu ambaye hakuwahi kuipenda bandama maishani mwake, akanenepa kwa bandama zangu. Nilimwambia, Lazaro, siku moja nitakutoa ya kwako niitie humu humu. Akasema hakuna neno, mradi itajwe kwa Kiingereza.

Baadaye wateja wenyewe wakaanza kuagiza Kizungu. Unamwona mzee katoka msikitini na kanzu yake, anaketi, anavua viatu, anasema kidni mbili na pilipili. Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima, kila penye ukuta pana ubao, na watu walikuwa na njaa ya kujua, sijui niiseme vipi leo ikaeleweka. Treni ya Kigoma ikiingia asubuhi, moshi wa kuni zangu unapanda, Lazaro anakimbia na mkokoteni wake mdomo umejaa, na benchi zima linamsubiri Anastazia akikwamia neno. Hakuna aliyemsaidia. Tulikuwa tunamtaka apite na tulikuwa tunavitaka vipande vya bure, yote mawili kwa pamoja. Nikiipita sehemu ile sasa, wamejenga duka la vifaa vya pikipiki, natembea haraka.

Viungo viliingia, lakini maradhi yalikataa. Ugonjwa hauko kwenye sufuria, huwezi kuuchota. Hapo ndipo utani ulipofanya kazi.

Kumwombea mtu maradhi si jambo dogo. Asiyekuwa mtani wako, ukimwombea hata mafua, mtafikishana kwa balozi wa nyumba kumi. Mtani ndiye unayeweza kumwombea kipindupindu asubuhi na mkala naye mchana. Baba akaitumia ruhusa hiyo. Sista Hildegarda alikuwa mteja wetu wa maini, na kila asubuhi alimnong'oneza baba ugonjwa mmoja wa Kiingereza kutoka zile karatasi, bila mpangilio, akamfundisha kuutamka. Anastazia akitokea, baba yuko tayari mlangoni kwa bucha. Shikamoo ilitangulia, hiyo haikurukwa hata siku moja. Ikisha kuitikiwa marahaba, mlango wa matusi unafunguka.

"Mnyamwezi, bado hujafa?"

"Nikifa nani atakuzika, Msagara? Hawa wanaokudai nyama?"

"Leo nimekuombea jondisi."

Hapo lazima Anastazia aueleze ugonjwa wake mwenyewe kwa Kiingereza: macho yanageukaje manjano, mkojo unakuwaje, anapewa nini, akichelewa inakuwaje. Sista Hildegarda yuko kwenye benchi anatafuna, anatikisa kichwa au anakubali. Akikosa, amekufa, analazwa kwenye benchi, anafunikwa kanga yake, na wateja wanamlilia. Lazaro ndiye aliyelia vizuri kuliko wote, mpaka machozi ya kweli. Akipata, anamrudishia baba ugonjwa wa jana. Baba hakuwa na Kiingereza cha kujieleza, basi alijibu kwa kuigiza, na mtu mzima mwenye ndevu akiigiza konstipesheni, tumbo lililokataa choo, mbele ya bucha lake, hata mwenye haraka ya treni atasimama.

Neno lililoingia na kicheko halitoki. Hilo nalijua kwa sababu mimi nisiyetaka hata moja, mpaka leo ninayo yote. Nimonia, mizozi ambayo ni surua, tetanasi. Nikipata homa nazitamka nikisubiri dawa ifanye kazi.

Kuna jambo jingine lililotokea ambalo hakuna aliyelipanga. Wanawake walianza kumvuta Anastazia pembeni. Siwema, jirani yetu, alikuwa na tatizo la kike la muda mrefu, na kwa Kiswahili neno lake halikuweza kupita mdomoni kwake mbele ya msichana asiyeolewa. Kwa Kiingereza, alivyolisikia benchini, likapita. Alilinong'ona, Anastazia akampeleka kwa Sista Hildegarda, akapona. Maneno ya kwetu yamelelewa na sisi, yana haya zetu. Yale ya wageni hayakuwahi kuchezwa unyago na mtu. Baadaye, alipokuwa dakta kamili, Anastazia aliwaambia wanafunzi waliotumwa kwake kujifunza kazi: jifunze neno la kitabu ulishike mkononi, kisha mngojee mgonjwa achague atakusemesha kwa lipi. Sijui kama walimwelewa.

Intavyuu ya pili iliitwa mwezi wa sita, siku ya Jumatatu. Ijumaa kabla yake kulikuwa na ile baridi yetu ya kipupwe. Anastazia akaja kama kawaida. Shikamoo, marahaba.

"Mnyamwezi," baba akasema, "leo sikukuombea wewe. Leo nimejiombea mwenyewe. Hania."

Benchi likacheka. Nami nilicheka, hania sikuijua ni mdudu gani, nilicheka kwa kuwa aliyesema ni baba. Anastazia akashika kiuno, akaumwaga ugonjwa ule kwa Kiingereza tangu juu mpaka chini, uvimbe wake, maumivu yake, mtu akikohoa inakuwaje, ikikataa kurudi ndani inakuwaje. Akamalizia alivyozoea kumalizia, hi daizi, mgonjwa anakufa. Hilo la kufa wateja walikuwa wanalijua, wakaliitikia wote kwa pamoja.

Baba hakuitikia. Alikuwa ameishika meza ya nyama kwa mikono miwili, na jasho linamtoka katika baridi ile.

Anastazia akaweka upawa chini. Baadaye aliniambia kwamba kilichomshtua hakikuwa jasho. Mtani hajiombei. Maradhi ya utani ni ya mwenzako siku zote. Akamsogelea, akaacha madoido yote, akawa anamwuliza neno moja moja kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza kile kile cha figo na ini. Swelin? Baba akakubali kwa kichwa. Peni? Kichwa. Vomit? Kichwa. Kuvimba, kuumwa, kutapika, mimi nilikuja kuyajua baadaye. Mimi nimesimama ubavuni kwao, binti yake wa kumzaa, sielewi wanaambiana nini. Wivu ulinifika kabla ya hofu.

Ilikuwa ngiri. Alikuwa nayo tangu mvua za vuli, anaifunga kwa kitambaa chini ya kikoi, na asubuhi ile ilikuwa imeshuka na imekataa kurudi. Kwa Kiswahili asingeitaja mbele yangu hata umshikie kisu. Mimi binti yake, na wateja wamekaa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na baba alikiona kinakuja, basi akatafuta katika yale ya Sista neno ambalo mwanawe halijui na mtani wake analijua. Lazaro aliyamwaga magunia ya watu chini, tukampandisha baba kwenye mkokoteni, tukaenda mbio hospitalini. Bucha lilibaki wazi. Hakuna aliyeiba hata mfupa. Mchana ule ule akapasuliwa.

Jumamosi alilala tu. Jumapili homa ikapanda, akawa anaongea Kisagara na watu waliokufa. Treni ya kumpeleka Anastazia Morogoro ilikuwa ya jioni ile, na mimi nilipotoka kuchota maji nikarudi nikamkuta bado ameketi sakafuni kando ya kitanda na gauni lake la kufagilia. Akaniambia haendi. Akasema maneno yote yale baba ndiye aliyempa, atakwendaje kuyasema kwa wageni huku mwenyewe yuko hivi.

Nilimgeukia vibaya. Nilimwambia, "Filomena kafia kwenye machela. Unataka nani amfuate? Umeyagawa matumbo yangu bure asubuhi zote zile, na leo unataka yawe yamekwenda bure kweli? Ondoka hapa. Baba ana mtoto wake." Nikamshika mkono nikamtoa mpaka mlangoni. Alikwenda. Stesheni sikumsindikiza. Nilijua nikimsindikiza nitamrudisha, maana nilikuwa naogopa kubaki peke yangu na baba katika hali ile, na nilimtaka hapo kuliko nilivyoitaka zahanati ya mtu yeyote.

Ya Morogoro alinisimulia mwenyewe. Walimwuliza huku na huku, wakaruka kutoka jicho kwenda unyayo, na kila neno likaja mbio kama limeitwa supu. Bandama ilikuja kabla hawajamaliza kuuliza. Kisha daktari mmoja, mtu wa makamo, akafunga karatasi zake akamwambia aeleze mgonjwa wa mwisho aliyemwona yeye mwenyewe. Anastazia akamweleza baba. Hakumtaja jina, alisema mwanamume, muuza nyama, akaeleza uvimbe na jasho na kutapika. Yule daktari akauliza, na mgonjwa kama huyu akichelewa?

"Mwanvua," aliniambia, "lile neno, hi daizi, nimelisema kila siku, benchi zima linaitikia. Mle chumbani hakuna aliyeitikia. Nikasikia nilichosema." Akaomba maji ya kunywa. Wakampa, wakamngoja. Jioni majina yakasomwa uwanjani na lake likiwamo.

Nilimpokea stesheni Jumanne. Aliniuliza miguu haijatua vizuri, "Yupo?" Nikamwambia yupo, homa imeshuka usiku, ameamka na anagombana na manesi. Akaketi juu ya sanduku la mtu asiyemjua, akalia. Mimi ndipo nikakumbuka kumwuliza na wewe je. Akasema, nimepita. Nikamkumbatia, nikamwambia atoke kwenye sanduku la watu.

Njiani nilimwonya ajiandae. Baba alikuwa amelala siku zote zile bila kumtukana Mnyamwezi hata mmoja, na asubuhi nilipompa habari kwamba treni inakuja alinifukuza kitandani, akasema anataka kuwaza. Nilijua anatunga. Wodi nzima ilikuwa imekwisha kusikia habari za watani hawa kutoka kwa Lazaro, na tulipoingia wagonjwa waliojiweza wakajiinua kwa viwiko wapate kusikia vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Msagara, bado hujafa?"

Mzee wa kitanda cha pili akaanza kucheka mapema. Baba alimtazama Anastazia muda mrefu. Alikuwa amekonda katika siku chache zile, ndevu zimemshuka.

"Wamekupa?" akauliza.

"Wamenipa."

"Na Tujikaze watapata mabati yao?"

"Watapata."

"Unaondoka lini?"

"Mwisho wa wiki," Anastazia akasema. "Ni miaka mitatu. Kisha wananipeleka kule kule kijijini."

Baba akautoa mkono wake chini ya shuka, akamshika wa kwake.

"Basi nenda salama, mwanangu," akasema.

Anastazia hakuondoka. Alisimama pale akisubiri iliyobaki, kwa sababu mtani haagwi hivyo. Mtani huombewa treni impindue, huombewa simba wa Mikumi wamtafune wamteme kwa ukavu wake. Wodi nayo ilikuwa inasubiri. Mimi nilisubiri pia. Baba alifumba macho, mkono wake haukumwachia, na hakuongeza neno. Nilimwona Anastazia anaelewa kwamba anaagwa kama mwana, si kama mtani. Uso wake ulivunjika kidogo kidogo kuanzia kidevuni. Mwisho aliuchomoa mkono pole pole, akatoka nje, akakaa kwenye baraza aliyokuwa akiifagia kila siku, akajifunika kanga.

Mimi nilibaki na bakuli la uji mkononi. Baba yule alinilea bila mama, alinisomesha Kurani, alinipa nafasi kwenye bucha lake wakati wanaume wa Mabwerebwere walisema mwanamke hauzi matumbo. Tangu nizaliwe nilikuwa naitwa we Mwanvua. Mwanangu ile, kwa sauti ile, alipewa Mnyamwezi, na iliniuma, sitaficha. Lakini nilijua kwa nini hakunipa mimi. Mimi nilikuwa nabaki. Nikavuta kigoda nikaanza kumlisha uji wake, akasema hauna sukari.